Askari wa mwili wanapobomoa mshipa mkuu

WENGI hapa Eldoret wakiumwa mgongo husema ni jembe, au ni viti vya matatu. Mara nyingi ni kweli. Lakini mgonjwa akiwa mwanamume aliyepita miaka 60, tena mvutaji sigara, humlaza nikampapasa tumbo. Nahofia kuvimba kwa aota.

Aota ndiyo mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ukapita kifuani hadi tumboni. Upana wake tumboni ni kama sentimita 2. Ukifika sentimita 3, huo ni ugonjwa. Hutuna kama tyubu ya baiskeli iliyodhoofika mahali pamoja, na kwa kawaida mwenyewe hasikii lolote.

Je, ni uzee tu? La. Moshi wa sigara, shinikizo la damu na mafuta yanayoganda mshipani huujeruhi ukuta wake. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hukimbilia hapo kutengeneza. Zisipoondoka, humwaga vimeng'enya vinavyokula nyuzi zinazouwezesha ukuta kutanuka na kurudi. Mabaki ya nyuzi hizo huita askari wengine, na ukuta huzidi kulegea. Kaswende isiyotibiwa yaweza kuharibu aota ya kifuani vivyo hivyo.

Dawa ya kuwatuliza askari hao haijapatikana. Doksisaiklini ilijaribiwa Marekani, na matokeo ya mwaka 2020 yakaonyesha kuwa haikupunguza kasi ya kuvimba.

Basi tuzime chanzo. Acha sigara. Pima presha, na ukipewa dawa usiikatize. Ikiwa wewe ni mwanamume wa miaka 65 au zaidi na umewahi kuvuta, mwulize daktari wako kuhusu altrasaundi ya tumbo, ile wanayopimwa akina mama wajawazito. Haiumizi. Uvimbe mdogo hufuatiliwa kwa vipimo. Ukifika sentimita 5.5 kwa mwanamume, au kasoro kidogo kwa mwanamke, upasuaji hufikiriwa.

Ukipatwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, pamoja na jasho baridi na kizunguzungu, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Huenda mshipa unapasuka. Kimbizwa hospitali kubwa, kama ile ya Rufaa ya Moi, usiku huo huo. Kungoja kupambazuke kwaweza kukugharimu maisha.