Mwandishi Huru na Kalamu Yake

Wengi wetu tukisikia neno mwandishi humfikiria mtu mwenye ofisi, mshahara na mkubwa wa kumwamuru la kuandika. Lakini yuko mwandishi wa namna nyingine, aandikaye juu ya utamaduni, haki na siasa kwa kuitii dhamiri yake. Huyo ndiye mwandishi huru. Ili tuifahamu kazi yake, natumtazame Abdilatif Abdalla.

Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968, Kenya ikiwa na uhuru wa karibu miaka mitano, aliandika kijitabu kiitwacho "Kenya: Twendapi?". Ndani yake aliilaumu serikali kwa kukionea chama cha upinzani, KPU. Alishtakiwa kwa uchochezi, akawa kifungoni tangu mwaka 1969 mpaka 1972.

Habari hii ina mafunzo matatu.

Kwanza, kuwa huru si kukosa upande. Abdilatif alikiunga mkono chama cha KPU. Uhuru hupotea pale mtu anapoificha kweli ili upande wake ushinde.

Pili, uhuru una gharama. Mwandishi wa gazeti huenda akatetewa na gazeti lake; mwandishi huru aghalabu husimama peke yake.

Tatu, hana budi kuijua lugha yake barabara. Gerezani Abdilatif alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika juu ya karatasi za msalani. Dhiki haikumfanya aache vina na mizani. Alitunga kwa Kiswahili cha Mombasa, kwa kanuni alizozirithi. Katika shairi la "Mamba" hakumtaja mtawala yeyote. Alisimulia habari za mnyama mkali tu, na msomaji akaelewa.

Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 katika kitabu "Sauti ya Dhiki". Mwaka 1974 kitabu kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Basi wenzangu, sisi nasi huandika insha na hoja za mdahalo. Kabla hujashika kalamu kumlaumu mtu, jiulize: Ni nani aliyenituma? Haya nayajua kwa yakini? Naweza kuyasema mbele yake? Ukiweza kujibu yote matatu bila kuona haya, andika.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne