Tumbo la maji kwa mgonjwa wa ini: kwa nini daktari anataka kuyapima



Tunapotembelea familia tunakutana na wagonjwa ambao tumbo limevimba, kitovu kimetokeza nje, na huku mikono na mabega vimekonda. Majirani husema ni sumu au karogwa. Mara nyingi ni ini lililojaa makovu kwa sababu ya virusi vya hepatitisi B au C, au pombe ya miaka mingi. Damu haipiti vizuri katika ini gumu, basi maji yanavuja na kukusanyika tumboni. Kifua kikuu pia kinaweza kuleta maji ya namna hiyo, kwa hiyo kulitazama tumbo kwa macho hakutoshi.

Leo tujifunze hatari moja: maji hayo kuingiwa na bakteria. Si lazima kuwe na kidonda wala utumbo uliotoboka. Bakteria wanaoishi ndani ya utumbo wa kila mtu huvuka ukuta wake na kuingia kwenye maji, na mwili wa mgonjwa wa ini hauna nguvu ya kuwaua. Asipotibiwa upesi, figo zinaweza kushindwa kazi na mgonjwa akafa katika siku chache.

Dalili ni homa, tumbo kuuma, kutapika, kuharisha. Lakini wengine hawana hata moja kati ya hizo. Utaona tu mzee analala mchana kutwa, anasahau majina ya watoto wake, au mkojo umepungua. Ndiyo sababu madaktari wana kanuni kwamba mgonjwa wa ini mwenye maji tumboni akilazwa hospitali, hata akiwa amelazwa kwa jambo lingine, maji yapimwe siku hiyo hiyo.

Watu wengi wanakimbia sindano hii. Utasikia: «Akitobolewa tumbo, harudi.» Ukweli ni kwamba wengi waliokufa baada ya kutobolewa walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa sana. Muuguzi husafisha ngozi, daktari huweka dawa ya ganzi, kisha huingiza sindano chini ya tumbo, mara nyingi upande wa kushoto, na kuvuta maji kidogo. Madhara makubwa ni machache. Maabara wanahesabu zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na bakteria: zikifika 250 au zaidi katika milimita moja ya ujazo, dawa ya bakteria ya sindano huanza mara moja, bila kungoja majibu ya kuotesha vijidudu, ambayo huchukua siku kadhaa. Kipimo kinaweza kurudiwa baada ya siku mbili kuona kama dawa inafanya kazi.

Hapa Rubavu mgonjwa huanzia kituo cha afya, na akihitaji anatumwa hospitali ya Gisenyi. Lakini homa, kuchanganyikiwa, kutapika damu au choo cheusi kama lami, hayo hayangoji kesho. Mwamshe mjumbe wa afya hata usiku. Mwambieni muuguzi wazi: «Ana ugonjwa wa ini na ana maji tumboni.» Maneno hayo yanaokoa muda mwingi.

Akiwa nyumbani, apunguze chumvi na aache pombe kabisa. Asinunue ibuprofen wala diclofenac dukani, zinaumiza figo zake. Na hata paracetamol amuulize muuguzi kipimo. Dawa za mizizi pia aziache, nyingine zinaliumiza ini zaidi.

Mwezi wa Desemba 2018 Rwanda ilitangaza mpango wa kutokomeza hepatitisi C, na ugonjwa huo una vidonge vinavyouponya, mara nyingi kwa wiki 12. Hepatitisi B hutulizwa kwa dawa, na chanjo yake wanapewa watoto wachanga katika nchi hii tangu 2002. Mwenye tumbo la maji nyumbani kwake, ndugu zake nao waende kupimwa damu.