SOMO LA WANACHAMA: TANURI DOGO LA MHUNZI LINALOHAMISHIKA

Mvua za kwanza zinapoanguka, ncha ya plau iliyovunjika humletea mwanachama hasara kubwa kuliko bei yake. Siku mbili tatu hupotea katika safari ya mjini kutafuta nyingine, na siku za kupanda hazirudi. Mara nyingi kifaa hicho kingetengenezwa pale pale kijijini kwa saa moja, laiti pangekuwa na moto wa kulainisha chuma na mtu ajuaye kuutumia. Somo hili laeleza jinsi chama cha msingi kiwezavyo kujitengenezea tanuri dogo, linalobebwa na watu wawili.

Asili ya ufundi huu

Uhunzi si jambo geni nchini Tanzania. Huko Katuruka, katika Mkoa wa Kagera, yamefukuliwa mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, na Upareni ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Majembe yaliyotoka ng'ambo yalipoenea wakati wa ukoloni, kazi ya kuyeyusha mawe ya chuma ilififia. Lakini kazi ya kufua chuma kikuukuu haikufa. Tanuri linaloelezwa hapa ni la kufulia tu. Halikusudiwi kuyeyusha chuma.

Vifaa

Vitu vinavyotakiwa ni hivi:
1. Karai la chuma la kuchanganyia zege, lisilopakwa zinki.
2. Bomba la chuma cheusi lenye urefu wa sm 60 na tundu la sm 2 hadi 3.
3. Udongo wa kichuguu ndoo mbili, na mchanga au vigae vilivyosagwa ndoo moja.
4. Nondo za kutengenezea miguu mitatu.
5. Gurudumu la baiskeli, mpira wa ndani uliochakaa, na feni ndogo iliyofunikwa kwa kasha la bati.

Fuawe yaweza kuwa kipande cha chuma kizito kilichonunuliwa kihalali kwa wauza vyuma vikuukuu, kikapigiliwa juu ya gogo gumu. Koleo refu, nyundo, tupa na ndoo ya maji hukamilisha orodha.

Namna ya kutengeneza

Kwanza, karai litobolewe ubavuni ili bomba lipite. Udongo na mchanga vichanganywe kwa maji machache, mpaka donge likibanwa mkononi lisimeguke wala lisinate. Mchanganyiko huo ukandikwe ndani ya karai kwa unene wa sm 4, na ukuta wake uinuliwe sm 5 juu ya ukingo. Mdomo wa bomba uwe sm 3 juu ya sakafu ya udongo, nao ukandikwe vizuri ili chuma chake kisiliwe na moto.

Tanuri likaushwe kivulini kwa siku kadhaa, si juani. Nyufa zikitokea zizibwe kwa udongo ule ule. Kisha uwashwe moto mdogo wa vijiti kwa saa chache ili unyevu uliobaki utoke. Mwenye haraka hupasua kazi yake, kwa maana maji yaliyofungwa ndani ya udongo hugeuka mvuke na kutafuta njia kwa nguvu. Kwa sababu hiyo hiyo zege na mawe ya mtoni visitumiwe karibu na moto huu.

Feni huendeshwa kwa mkanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Gurudumu lenye upana wa sm 60 likizungusha kigurudumu cha sm 3, feni huzunguka mara 20 kwa kila mzunguko mmoja wa mkono. Hata kijana asiye na nguvu nyingi aweza kuendesha upepo huo bila kuchoka.

Kuusoma moto

Mkaa wa kuni ngumu hufaa sana. Ulundikwe kiasi cha sm 10 juu ya mdomo wa bomba, na chuma kilazwe katikati ya lundo. Kikilazwa karibu mno na bomba, upepo hukipoza na kukilisha kutu. Rangi ndiyo kipimo cha mhunzi. Wekundu uliokoza ni joto la kupindia vitu vyembamba. Rangi ya chungwa iliyong'aa ndiyo ya kufulia. Chuma kikiwa cheupe na kutoa cheche, kinaungua na kimeharibika. Kwa hiyo tanuri liwekwe kivulini, kwani jua kali huficha rangi.

Springi ya gari iliyochakaa hutoa ncha nzuri ya jembe. Ikiisha kufuliwa, ncha ipashwe moto mpaka sumaku isiivute tena, ndipo itumbukizwe katika mafuta, si majini. Wakati huo huwa ngumu lakini rahisi kuvunjika kama kioo. Isuguliwe ing'ae, ipashwe polepole mpaka rangi ya buluu itokee, kisha iachwe ipoe. Mwanachama anayeiruka hatua hii ya mwisho atarudi na ncha yake vipande viwili.

Hatari

Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Tanuri lisiwashwe kamwe ndani ya nyumba au ghala la chama, bali nje, au katika banda lililo wazi pande mbili au zaidi. Vyuma vilivyopakwa zinki visiingizwe motoni. Mafusho yake meupe huleta homa. Upepo usimamapo, bomba litenganishwe na feni ili hewa ya moto isirudi ndani ya kasha. Wahunzi wa kale waliacha mwanya kati ya mvukuto na bomba la udongo kwa sababu kama hiyo.

Mali ya chama

Tanuri likinunuliwa kwa fedha za wanachama, liandikwe katika daftari la mali siku hiyo hiyo. Katibu aandike nani amelichukua, lini, na limerudi katika hali gani. Mkaa ulipwe na mwenye kifaa, na malipo ya mhunzi yaamuliwe na mkutano, yasiachwe kwa mapatano ya faragha. Makatibu waweza kuomba ushauri katika ofisi za mikoa za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973.

Zaidi ya yote, chama kimtafute mzee aliyewahi kufua, kimpe vijana wawili wa kufundishwa. Maelezo ya karatasi hayatoshi. Mkono hujifunza kwa mkono. Mzee huyo akiondoka bila mwanafunzi, karai na feni vitabaki kuwa mapambo ya ghala.

Maswali ya mazungumzo

1. Ni vifaa vingapi vya wanachama vilitupwa msimu uliopita ambavyo vingeweza kufuliwa upya?
2. Nani kijijini ajuaye uhunzi, na nani anajifunza kwake?
3. Wanachama wawili wakilihitaji tanuri siku moja, ni kanuni gani itakayoamua?