Kaka anataka kuuza boti za marehemu baba

Shangazi, naishi Kizimkazi. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia boti mbili za fiba za kupeleka wageni kuangalia pomboo. Tumebaki mama, mimi na kaka yangu mkubwa. Kaka ndiye nahodha, mimi nashika daftari. Mgeni analipa dola 50 kwa wakala, boti inapewa 15, na mafuta ni yetu, baharia ni wetu. Kaka amechoka. Ametokea tajiri anataka kuzinunua boti zote mbili, kaka abaki nahodha kwa mshahara. Yeye anaiona neema. Nikimwambia asubiri, ananijibu kuwa mimi mwanamke, bahari siijui. Na lipo jingine linaloniumiza: siku hizi tunawakimbiza pomboo mno. Juzi wageni walirudi wamenuna, mmoja analia, anasema tumewatesa wale viumbe. Mama ananyamaza tu. Nifanye nini?
Binti wa Nahodha, Kizimkazi

Mwanangu, Mungu amrehemu baba yenu na awape subira. Umeniletea mambo matatu: uuzaji wa boti, uchovu wa kaka na mateso ya pomboo. Mimi nayaona yote yametoka shina moja, nalo ni zile dola 15.

Fungua daftari lako tuhesabu pamoja. Wageni sita wamelipa dola 300. Boti imepata 90, na dola 210 zimebaki nchi kavu kwa mtu ambaye hakulowa hata unyayo. Katika hizo 90 utoe petroli, baharia, miwani ya kuzamia na akiba ya mashine. Kinachobaki hakimtoshi nahodha, kwa hiyo lazima apige safari ya pili, pengine ya tatu. Mwenye safari ya pili hana muda wa kuwasubiri pomboo. Anawakata mbele, anawapigia wageni kelele waruke majini, na mgeni akimaliza kuvaa miwani, kundi limeshazama limetokea upande mwingine. Anapandishwa, anakimbizwa tena. Boti za wenzake nazo zinafanya hivyo hivyo. Mgeni anarudi amechoka, bakhshishi hakuna, na habari anazokwenda kuwasimulia wenzake ni mbaya. Wakala akisikia malalamiko, anapata sababu ya kuishusha bei zaidi.

Machozi ya yule mgeni yana msingi. Pomboo wa kwenu wamefanyiwa utafiti kwa miaka mingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba zikiwapo boti za watalii, wanapunguza kupumzika, kula na kucheza, wanazidi kusafiri. Pomboo hulala nusu ya ubongo ikiwa macho, kwa kuwa lazima aibuke avute pumzi. Jike huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kundi linalonyimwa usingizi kila asubuhi haliwezi kuvumilia milele. Wazee wa Kizimkazi wanakumbuka kwamba kabla ya utalii pomboo waliuawa wawe chambo cha papa. Kijiji kiliacha kilipoona kwamba pomboo hai ana faida kubwa zaidi. Faida hiyo ndiyo inayotafunwa sasa.

Sasa tuje kwenye kuuza. Mwanangu, hilo haliamuliwi na kaka peke yake. Boti ni mirathi. Baada ya kulipa madeni ya marehemu na kutimiza wasia wake kama upo, mama ana thumuni yake. Ikiwa warithi ni nyinyi watatu tu, na wazazi wa marehemu hawapo hai, kilichobaki mwanamume huchukua mafungu mawili na mwanamke moja. Ukigawa mali katika sehemu 24, mama ana 3, kaka ana 14, wewe una 7. Kaka ana sehemu kubwa, lakini hana yote, na hawezi kuuza cha mama wala chako bila ridhaa yenu. Nendeni kwa Kadhi, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mirathi iandikwe. Kisha muulize Mamlaka ya Usafiri Baharini na Kamisheni ya Utalii namna ya kuhamisha usajili na vibali kama bado vimo katika jina la marehemu. Tajiri asipewe jibu lolote kabla ya hapo.

Usiende kwa Kadhi kama mtu anayemshitaki ndugu yake. Kaka yako ndiye anayeamka alfajiri, ndiye anayepigwa na kusi, ndiye anayetukanwa na mgeni na wakala kwa siku moja. Kuchoka kwake ni kwa haki. Mwambie hivyo kwanza, mbele ya mama. Halafu muulize kuhusu huo mshahara: masika ya Machi hadi Mei, wageni wakipotea, utalipwa? Mashine ikifa, nani atalaumiwa? Tajiri akiamua kukimbiza pomboo zaidi kuliko sasa, nahodha wa mshahara atakataa kwa nguvu gani?

Akisema bahari huijui, usibishane naye juu ya bahari. Mwekee daftari mezani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye hajui habari ya zile dola 210 mpaka wewe umwonyeshe.

Dawa yenyewe ni kupata mlango wenu wa kumfikia mgeni. Msigombane na wakala leo, maana bado mnakula kwake. Tengeni boti moja, siku mbili kwa wiki, ziwe za wageni wenu wenyewe. Bei iwe dola 35, imeandikwa, haibadiliki. Mgeni anaokoa 15, na kwenu, kabla ya kumlipa aliyemleta, mgeni mmoja wa namna hiyo anawapita wawili wa wakala. Wenye nyumba ndogo za wageni za Paje na Jambiani wapeni ujira mliokubaliana kwa kila mgeni watakayemleta. Wekeni jina na namba yenu kwenye ramani za simu, na mwombeni kila aliyefurahi aandike maneno mawili.

Na muuze bahari yote, si pomboo peke yao. Ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, ina matumbawe, visiwa na mafungu ya mchanga yanayotokea maji yakitoka. Msikiti wenu wa Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mgeni aambiwe mapema: pomboo tukiwaona ni bahati njema, tusipowaona safari imetimia. Boti iwasogelee kwa ubavu, polepole, ikifika karibu mashine isivute, na kundi likiondoka liachwe. Majaketi ya kuokolea yawe ya kila mtu, yavaliwe. Halafu kaka awaite manahodha wenzake kwa sheha na kamati ya uvuvi wakubaliane idadi ya boti kwa kundi moja, kwa sababu adabu ya boti moja haitawapumzisha pomboo.

Jaribuni msimu mmoja, Juni hadi Oktoba, daftari likiwa wazi kwa wote watatu. Hesabu zikikataa, kodisheni boti moja au iuzeni, kila mrithi apewe haki yake, na lawama zisiwepo. Lakini muuze mkiwa mnajua thamani ya mnachouza. Leo hamuijui bado, na tajiri anaijua.

Anza na mama. Mwambie kimya chake kina sehemu 3 katika 24, na umwombe aitumie sauti yake.