Tasnifu imekamilika, makala itoke wapi?

Swali: Mwanafunzi wa uzamivu kutoka Choma, wilayani Igunga, ametafiti wapagazi wa njia ya misafara ya Tabora. Anauliza kama aifupishe tasnifu yote iwe makala moja.

Jibu: Hapana. Tasnifu iliyokamuliwa hivyo haisomeki, na wahariri huirudisha upesi.

Mfano upo kwenye mada yake mwenyewe. Stephen Rockel alimaliza tasnifu kuhusu wapagazi hao Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1997. Mwaka 2000 alitoa makala mbili: moja, katika Journal of African History, ilihusu Wanyamwezi na soko la kazi, nyingine, katika jarida la Kanada, iliwafuata wanawake wa misafara. Kitabu kikaja 2006.

Basi achukue jambo moja, tuseme posho: ililipwa kwa nguo gani, nani aliipanga, na wapagazi walifanya nini ilipopunguzwa. Wengine waligoma, wengine walitoroka usiku. Hapo pana hoja.

Jarida alichague kabla ya kuandika, asome matoleo yake ya karibuni. Tanzania Zamani ni mahali pazuri pa kuanzia. Jarida lolote linaloahidi kuchapa ndani ya wiki mradi ada ilipwe, alikimbie.