Dondoo muhimu: Siku ya mwisho iwe fupi

Mkitoka Nairobi wawili kwa baiskeli, msiunganishe Voi na Mombasa, takriban kilomita 150, kwa siku moja. Laleni Mariakani, mbakize kama kilomita 35 za asubuhi. Mtasema Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, basi njia ya pwani ni kuteremka tu. Lakini mteremko haumpumzishi mtu: raba za breki zimeshalika, vidole vimekufa ganzi, na baada ya Mazeras malori ya bandarini huwabana ukingoni mwa lami, tena katika joto lenye unyevu. Aliyechoka zaidi ndiye atangulie. Akiachwa nyuma atakazana kumfikia mwenzake, asahau lori linalomjia mgongoni.