Daftari la Mgonjwa: Namna ya Kuikabili Bili ya Hospitali

Kuna mzaha unaozunguka sana matangani: mgonjwa alipona Jumatatu, akaletewa bili Jumanne, akazikwa Ijumaa. Mwingine unasema daktari wa siku hizi hupima mfuko kabla ya kupima moyo. Watu hucheka, kisha hunyamaza ghafla, maana karibu kila aliyeketi pale amewahi kuchangia harambee ya bili. Mimi pia nimecheka. Lakini nimemuuguza shangazi wiki tatu wodini, na niliyojifunza pale nataka uyapate kabla hujayahitaji.

Daktari anayeandika kipimo mara nyingi hajui bei yake. Karani wa malipo anajua bei, ila hajui kama kipimo kilihitajika, wala kama kilifanywa. Anayeweza kuwaunganisha hao wawili ni mtu wa nyumbani. Kwa hiyo, mgonjwa akilazwa tu, chagueni ndugu mmoja awe na daftari. Mmoja, wala si kila anayekuja kumwona mgonjwa.

Humo aandike tarehe, saa, dawa iliyotolewa, dripu iliyotundikwa, kipimo kilichochukuliwa na daktari aliyepita. Kila baada ya siku mbili aombe bili ya kufikia hapo, yenye kila kitu na bei yake; asikubali jumla tupu. Ailinganishe na daftari. Katika bili ya shangazi tulikuta dripu za siku mbili baada ya sindano yake kung'olewa mkononi, na dawa tulizonunua wenyewe duka la nje. Tulionyesha daftari kwa upole, karani akaziondoa siku hiyo hiyo. Bila maandishi tungebaki kubishana na kompyuta.

Daktari akipita, muulize kwa heshima: kipimo hiki kitabadilisha tiba? Kuna dawa hiyo hiyo ya jina lisilo la kampuni? Panadol na paracetamol nyingine ni dawa ileile, ila bei zinatofautiana. Daktari mwema hakasiriki kuulizwa.

Ukifika na mgonjwa mahututi na mapokezi yakadai pesa za kutanguliza, sema wazi kuwa hii ni dharura. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Taja kifungu hicho, kisha omba kumwona msimamizi wa zamu.

Ukiona pesa hazitatosha, usingoje siku ya kuruhusiwa. Hapa ndipo familia nyingi huumia: aibu huwafunga midomo, siku za kitanda zinaongezeka, bili nayo inapanda. Katika hospitali ya umma, mtafute afisa wa ustawi wa jamii mapema, umweleze hali ya nyumbani na kuomba msamaha wa bili au wa sehemu yake. Kwa hospitali ya binafsi, omba kulipa kidogo kidogo kwa mkataba ulioandikwa, na taja kiasi unachokiweza kweli.

Na wakikwambia mgonjwa hatoki hadi alipe, jua kwamba mnamo 2015 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya kinamama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua. Ilisema kuwazuilia kwa sababu ya deni kulivunja haki zao. Deni litabaki deni na lidaiwe kama madeni mengine, lakini mwili wa mtu haufai kuwa rehani. Kumshikilia mzazi na kichanga chake kwa ajili ya pesa ni ukatili, hata ukifanywa kwa lugha ya adabu.

Jambo la mwisho lafanywa ukiwa mzima. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, ile bima ya taifa ya hospitali. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, wengine hulipa kulingana na mapato ya nyumba, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ukiwa umejisajili, matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya umma yamo katika mpango huo, basi anzia huko kwa homa na kikohozi.

Bonyeza *147# jioni hii, ndugu yangu, uone kama jina lako na majina ya wanao yamo.